Mama Wapishi wa Lyon na Kitabu cha Wauza Matairi

Mwaka 1900 Ufaransa nzima haikufikisha magari 3,000, na aliyekuwa nalo alisafiri kwa mashaka. Barabara zilikuwa za vumbi, petroli ilinunuliwa dukani kama mafuta ya taa, na pancha ilikuwa sehemu ya safari. Ndipo ndugu wawili wenye kiwanda cha matairi mjini Clermont-Ferrand, André na Édouard Michelin, walipochapisha nakala 35,000 za kijitabu cha wenye magari wakakigawa bure. Humo mlikuwa na maelezo ya kubadilisha tairi, mahali pa kupata fundi na petroli, na hoteli za kulala. Hesabu yao ilikuwa nyepesi: mtu akijua atakakolala atakwenda mbali zaidi, akienda mbali, matairi yatalika, yakilika, atarudi kwao.

Hawakuwa wakifikiria mapishi. Hata hivyo, kijitabu hicho ndicho kilichokuja kuamua nani apike kwa sifa na nani apike kimyakimya katika nchi inayojivunia chakula kuliko karibu kitu kingine chochote. Mgeni anayeketi leo katika mgahawa wa kale wa Kifaransa, mbele ya kitambaa cheupe na sahani ya kuku katika sosi ya malai, huambiwa kwamba anakula mila ya karne na karne. Kuna ukweli ndani yake, lakini si wote. Nje ya Paris, sehemu kubwa ya mila hiyo ilipata umbo lake kati ya miaka ya 1900 na 1940, na waliolifinyanga ni wanawake maskini waliojua kupika na wasafiri wenye magari waliokuwa na njaa.

Kabla ya hapo msafiri hakuwa na la kuchagua. Katika nyumba za wageni za karne ya 18 watu waliketi meza moja, saa moja iliyopangwa, wakala kilichopikwa. Aliyechelewa alikuta mifupa. Aliyeketi mbali na bakuli alitegemea huruma ya jirani. Paris ndiyo iliyovunja utaratibu huo kuanzia miaka ya 1760: meza ya peke yako, saa uitakayo, na karatasi yenye majina ya vyakula na bei zake. Mapinduzi ya 1789 yaliongeza kasi, kwani makabaila walipokimbia au kuuawa, baadhi ya wapishi wao waliingia katika biashara. Baadaye ikaja reli na mikahawa ya stesheni. Ule wa Gare de Lyon jijini Paris, uliofunguliwa mwaka 1901 na sasa unaitwa Le Train Bleu, una dari za michoro na dhahabu kiasi kwamba abiria anaweza kusahau treni yake.

Lakini reli ilimlisha abiria stesheni. Gari lilimpeleka hadi mlangoni pa mama mpishi.

Ukifungua ramani utaona kwa nini jambo hili lilishika zaidi Lyon. Mji umekaa pale mito ya Rhône na Saône inapokutana, katikati ya njia ya kutoka Paris kwenda bahari ya Mediterania. Kaskazini mashariki kuna Bresse, kwenye kuku wenye manyoya meupe, upanga mwekundu na miguu ya buluu, rangi zile zile za bendera ya taifa. Jirani yake ni Dombes, nchi ya mabwawa na samaki wa maji baridi. Kaskazini kuna mvinyo wa Beaujolais na ng'ombe wa Charolais. Mpishi wa Lyon hakuhitaji kutafuta; vitu vilikuja sokoni vyenyewe.

Chini kabisa ya ngazi ya maisha palikuwa na vibanda vya wafanyakazi. Lyon ya karne ya 19 ilikuwa mji wa hariri, na wafumaji wa kilima cha Croix-Rousse, waliowahi kuwaasi matajiri wao mwaka 1831 na tena 1834, walianza kazi alfajiri. Ikifika kama saa tatu asubuhi walikwisha kuchoka na kuwa na njaa ya mchana. Walikula mlo mzito wa asubuhi uitwao mâchon: soseji, utumbo, jibini laini lililochanganywa na majani ya vitunguu, na mvinyo juu yake. Anayeijua supu ya asubuhi ya Dar es Salaam, na watu wanaoinamia bakuli kabla ofisi hazijafunguliwa, hahitaji kufafanuliwa mantiki ya mlo huo. Migahawa midogo iliyowalisha, ambayo huitwa bouchon, ilitumia nyama ambazo matajiri hawakuzitaka: utumbo, kichwa, miguu, maini. Utumbo wa ng'ombe uliolowekwa katika mvinyo mweupe, ukapakwa chenga za mkate na kukaangwa, mpaka leo uko kwenye orodha kwa jina la tablier de sapeur.

Juu ya ngazi palikuwa na majumba ya matajiri wa hariri, na jikoni mwao wanawake wa shamba waliopika kila siku kwa siagi, malai na kuku bora. Fedha za majumba hayo zilipopungua, hasa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, watumishi walipunguzwa. Mwanamke aliyeachishwa kazi alikuwa na mtaji mmoja tu, mikono yake. Wengi walifungua vyumba vya kulia vyenye meza chache, wakachanganya mapishi ya matajiri na ya wafumaji. Wateja waliwaita Mama: Mama huyu, Mama yule. Desturi hiyo haikuanzia kwao, kwani katika karne ya 18 alikuwapo Mama Guy aliyesifika kwa mchuzi wa mikunga kando ya mto Rhône, lakini sasa walikuwa wengi, nao walikuwa na kiburi cha kazi.

Françoise Fayolle, aliyejulikana kama Mama Fillioux, alitoka nyanda za Auvergne. Hakusumbuka na orodha ndefu. Mlo wake ulikuwa karibu ule ule kila siku, na kilele chake kilikuwa kuku wa Bresse aliyepachikwa vipande vyeusi vya uyoga wa trufi chini ya ngozi, kisha akachemshwa polepole. Wakati wa kuhudumia alitoka jikoni mwenyewe, kisu mkononi, akamkata kuku mbele ya wageni, awe waziri au karani. Wapo wanaodhani ubingwa wa jiko hupimwa kwa wingi wa vyakula kwenye orodha. Historia ya Lyon inawapinga.

Kwake ndiko alikopita Eugénie Brazier, na kwa huyu inafaa tukae kidogo.

Alizaliwa mwaka 1895 katika kijiji cha La Tranclière, karibu na Bourg-en-Bresse. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka 10, na akawa kibarua wa mashamba ya watu, akichunga nguruwe na ng'ombe. Mwaka 1914 alizaa mtoto wa kiume, Gaston, bila ndoa. Baba yake alimfukuza. Akaenda Lyon kama walivyokwenda wasichana wengi wa hali yake, akawa mtumishi katika nyumba ya familia ya watengeneza tambi, huko akasukumwa jikoni, kisha akaenda kufanya kazi kwa Mama Fillioux. Mwaka 1921, akiwa na faranga 12,000, alifungua chumba cha viti 15 katika namba 12 ya mtaa wa Rue Royale.

Kuku wa Mama Fillioux alimchukua pamoja naye. Akaongeza mioyo ya artichoki kwa maini ya bata, na quenelle, donge laini la samaki wa mtoni linalovimba katika tanuri. Vyakula hivi havikuwa uvumbuzi wake. Alichokuwa nacho ni ukali: usafi usio na mjadala, bidhaa iliyokaguliwa moja moja, moto uliosimamiwa na yeye mwenyewe. Édouard Herriot, meya wa Lyon kwa miongo mingi na waziri mkuu wa Ufaransa mara tatu, akawa mteja wake. Kazi ilimchosha kiafya, na mwishoni mwa miaka ya 1920 alipanda mlima hadi Col de la Luère, nje ya mji, kwenye kibanda cha mbao kisicho na umeme wala gesi. Alikusudia kupumzika. Wateja wakamfuata kwa magari.

Hapo ndipo wauza matairi wanaporudi. Tangu 1920 kijitabu chao kilikuwa kinauzwa, kwa faranga 7. Mwaka 1926 walianza kuweka nyota kando ya majina ya mahali panapopika vizuri, na katika miaka ya 1930 ngazi zikawa tatu. Soma maana walizozipa, utaona lugha ya dereva ndani yake: nyota mbili ni mahali panapostahili kuacha njia yako kidogo, nyota tatu ni mahali panapostahili safari yenyewe. Mwaka 1933 Mama Brazier alipewa nyota tatu kwa Rue Royale na nyota tatu kwa kibanda cha mlimani, sita kwa mpigo. Mwaka huo huo alipata nyota tatu mwanamke mwingine wa maeneo hayo, Marie Bourgeois wa kijiji cha Priay. Idadi ile ya sita haikufikiwa tena na mpishi yeyote hadi 1998, alipoifikia Alain Ducasse.

Huku nyuma barabara ilikuwa inafanya kazi yake. Magari ya wakati ule hayakutoka Paris na kufika pwani ya kusini kwa siku moja, kwa hiyo dereva alihitaji kitanda njiani, na kwenye kitanda kukawa na meza. Saulieu alikuwapo Alexandre Dumaine. Vienne, kusini kidogo ya Lyon, alikuwapo Fernand Point. Mbele zaidi, Valence, alikuwapo André Pic. Tajiri wa Paris angeweza kupanga likizo yake yote kwa vituo hivyo. Mwaka 1936 serikali ya vyama vya mrengo wa kushoto, Popular Front, iliwapa wafanyakazi wote wiki mbili za likizo yenye malipo, na barabara ikaanza kujaa watu wa kawaida pia. Madereva wa malori nao walikuwa na mtandao wao, Les Routiers, ulioanzishwa mwaka 1934. Alama yake ya duara, nyekundu na buluu, bado inaonekana kwenye kuta za migahawa ya kando ya njia, na mlo wake hauhitaji tai.

Mwaka 1946 kijana mmoja alipanda hadi Col de la Luère kuomba kazi. Alipewa kazi ya jikoni, lakini pia alikamua ng'ombe, alifua na kulima bustani ya mboga. Aliitwa Paul Bocuse. Baadaye akaenda kwa Point, na mwaka 1965 akapata nyota tatu zake mwenyewe kando ya mto Saône. Dunia ikamjua yeye. Soko kuu la vyakula la Lyon lina jina lake. Sidhani kuna dhuluma katika kumheshimu, maana alistahili, ila taswira ya mpishi wa Kifaransa ikabaki kuwa mwanaume mwenye kofia ndefu, na wale akina mama wakageuzwa kuwa picha ukutani.

Kisha barabara iliyotoa ikatwaa. Barabara kuu ya kasi kutoka Paris hadi Marseille ilikamilika mwaka 1970, na magari yakaacha kupita katikati ya miji. Hoteli nyingi za njiani zilifunga. Lyon ilinusurika kwa sababu ni jiji, lakini watalii walipoongezeka iliibuka migahawa yenye mapazia ya mirabamiraba na chakula cha kupashwa moto, yote ikijiita bouchon. Mwaka 2012 ukaanzishwa utambulisho rasmi wa Les Bouchons Lyonnais, na mwaka 2014 serikali ikaleta alama ya sufuria yenye paa kwa vyakula vilivyopikwa hapo hapo kwa vitu vibichi. Mgeni afaidike nazo. Ajue pia kwamba mchana jiko hufanya kazi kuanzia saa sita hadi saa nane tu, kwamba huduma imekwisha kuhesabiwa katika bei, na kwamba jagi la maji ya bomba ni la bure. Na asiyekula nguruwe aulize kila sahani, hata saladi, maana saladi ya Lyon huja na vipande vya nyama hiyo. Quenelle ya samaki ndiyo inayombakia, ingawa sosi yake huenda ina pombe.

Mama Brazier alifariki mwaka 1977. Namba 12 ya Rue Royale ilibaki mikononi mwa familia kwa miaka mingi, na mwaka 2008 ilichukuliwa na mpishi Mathieu Viannay, ambaye bado anamtoa kuku mwenye trufi chini ya ngozi.

Na Valence, ile nyumba ya Pic ipo. Ilianza na mwanamke, Sophie Pic, aliyepika katika nyumba ya wageni kilimani mwishoni mwa karne ya 19. Mwanawe André ndiye aliyeishusha hadi barabarani mwaka 1936, akifuata magari. Kitukuu wa Sophie, Anne-Sophie, hakusomea upishi. Alishika jiko baada ya baba yake kufariki na nyumba kupoteza nyota yake ya tatu. Aliirudisha mwaka 2007. Mwanamke wa mwisho kupata nyota tatu nchini Ufaransa kabla yake alikuwa Marguerite Bise, mwaka 1951.