Kichocheo

Neno hili, lililozaliwa jikoni katika kusukuma kuni motoni, wanakemia wamelitwaa kwa maana ya kitu kiharakishacho mabadiliko pasipo chenyewe kuteketea (mchochezi ni mwingine, na mahali pake ni mahakamani). Kwa mfano, dioksidi ya titani, ule unga mweupe wa rangi za kuta, ambao Fujishima na Honda wa Japani walidhihirisha mwaka 1972 kuwa huweza kuyatenganisha maji kwa nuru, huzivunja pia taka za majini, walakini hutaka miale ya urujuanimno, iliyo haba katika jua; ndipo hupachikwa chembe za dhahabu, ambazo kwa udogo wao huwa nyekundu, zikainasa nuru ionekanayo na kuzizuia elektroni zisirejee upesi zilikotoka. Dhahabu hiyo ningeiita kichocheo cha kichocheo, lau mhariri angeniruhusu.