Kutoka Rabat hadi Sydney: Nchi za Mbali katika Shindano la Eurovision

Shindano la Nyimbo la Eurovision lilibuniwa na mashirika ya utangazaji yaliyotaka kupima mitambo yao. Umoja wa Watangazaji wa Ulaya uliundwa Februari 1950 mjini Torquay, Uingereza, na Juni 1954 ukarusha matangazo yake ya kwanza ya pamoja, yaliyoonyesha tamasha la maua huko Montreux, Uswisi. Setilaiti hazikuwepo. Picha ilisafirishwa kutoka mnara hadi mnara, kuvuka milima na mipaka, na kila hatua ilikuwa na hatari ya kukatika. Marcel Bezençon, aliyeongoza utangazaji wa Uswisi, alitafuta kipindi ambacho kingezipa nchi za Umoja sababu ya kuunganisha mitambo kila mwaka. Kwa mfano wa tamasha la Sanremo la Italia, lililoanza 1951, nchi 7 zikakutana Lugano tarehe 24 Mei 1956. Uswisi wenyewe ukashinda kupitia mwimbaji Lys Assia.

Asili hiyo ndiyo ufunguo wa mjadala wote uliofuata kuhusu nchi za mbali. Anayejiandikisha shindanoni ni kituo cha utangazaji kilicho mwanachama wa Umoja, serikali haiandikishwi. Uanachama kamili nao ulifuata mpaka uliochorwa na wahandisi wa masafa. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, liliigawa dunia katika maeneo ili mawimbi ya nchi jirani yasiingiliane, na Eneo la Utangazaji la Ulaya likaishia kusini kwenye latitudo ya 30 kaskazini, mstari unaopita karibu kabisa na Cairo. Upande wa mashariki liliishia kwenye longitudo ya 40. Kwa hiyo pwani ya Afrika inayotazama Mediterania, kuanzia Moroko hadi Misri, imo ndani pamoja na Lebanon na Israel. Mlango mwingine ni kuwa mwanachama wa Baraza la Ulaya, na kwa njia hiyo nchi za Kaukasi ziliweza kukaribishwa: Armenia mwaka 2006, Georgia 2007, Azerbaijan 2008. Azerbaijan ilishinda mwaka 2011, hivyo fainali ya 2012 ikafanyika Baku, mji ulio mashariki zaidi kuliko Mogadishu.

Ni wazi basi kwamba neno "Ulaya" katika jina la Umoja halikuwahi kuwa kipimo kikali. Israel iliingia mwaka 1973 kwa sauti ya Ilanit, ikamaliza ya nne. Nchi za Kiarabu zilikuwa na haki ileile kwa mujibu wa ramani, lakini kuwepo kwa Israel kulizifanya zisite. Tunisia ilijiandikisha kwa shindano la 1977 na ilikwisha kupangiwa nafasi yake ya kupanda jukwaani, kisha ikajitoa. Mwaka 1978 Israel iliposhinda jijini Paris, televisheni ya Jordan, iliyokuwa ikirusha shindano hilo kwa watazamaji wake tu, ilikatiza matangazo kabla ya mwisho. Inasimuliwa kwamba skrini ilijazwa picha ya maua, na baadaye watazamaji wakaambiwa mshindi ni Ubelgiji, ambao kwa kweli ulikuwa wa pili. Mwaka uliofuata fainali ilipofanyika Jerusalem, Uturuki uliokwisha kuchagua wimbo wake ulijiondoa kwa shinikizo la nchi za Kiarabu.

Nafasi ya Moroko ilipatikana katika mwaka wa pekee. Israel ilikuwa imeshinda mara mbili mfululizo na haikutaka kubeba tena gharama za kuandaa shindano. Uholanzi ulipokubali kulipokea, tarehe iliyopangwa, 19 Aprili 1980, ikaangukia siku ya Waisraeli ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani. Israel haikuja The Hague, na Moroko ikajitokeza. Iliyemtuma alikuwa Samira Bensaïd, binti wa Rabat mwenye umri wa miaka 22 hivi, na wimbo "Bitaqat Hub", wito wa amani ulioimbwa kwa Kiarabu. Ndiyo nchi ya kwanza ya Afrika kushiriki, na hadi shindano la 2025 haijapatikana ya pili.

Majaji hawakumpokea vizuri. Italia ilimpa alama 7 na nchi nyingine zote hazikumpa hata moja, kwa hiyo alishika nafasi ya 18 kati ya 19, mbele ya Finland peke yake. Mpangilio wa muziki ulikuwa umefuata njia za Mashariki ya Kati, na masikio ya majaji wengi hayakuwa yamezoea uimbaji wa aina hiyo. Inaelezwa kwamba Mfalme Hassan II alikasirishwa na matokeo na kuamua nchi yake isirudi tena. Kama ndivyo, uamuzi huo ulikuwa wa haraka mno, kwa sababu safari ya mara moja haitoshi kuyafundisha masikio ya watu wapya, na nchi nyingi za Ulaya zilivumilia nafasi za mkiani kwa miongo kadhaa kabla ya kushinda. Ureno, kwa mfano, ulianza mwaka 1964 na kushinda mwaka 2017. Mwimbaji mwenyewe hakupungukiwa. Alihamia Cairo, akaimba kwa lahaja ya Misri, na kwa jina la Samira Said akawa mmoja wa nyota wakubwa wa muziki wa Kiarabu.

Jaribio la mwisho kutoka upande huo lilikuwa la Lebanon, iliyomchagua Aline Lahoud kwa shindano la Kyiv la 2005. Kanuni inamtaka kila mshiriki arushe shindano zima bila kuruka wimbo wa mtu yeyote. Sheria za Lebanon zilifanya iwe vigumu kuonyesha wimbo wa Israel, na kituo cha Télé Liban kiliposhindwa kutoa ahadi ya kuuonyesha, kilijitoa. Kikatozwa faini na kufungiwa kwa miaka mitatu. Hapo ndipo linapoonekana sharti lililozifunga nchi nyingi kuliko umbali wowote. Kanuni hiyo ni ngumu kwa kituo kilicho chini ya sheria za vita, lakini haki yake ni dhahiri: shindano ambalo kila nchi inachagua wapinzani wa kuwaonyesha raia wake lisingekuwa tena shindano moja.

Wakati vituo vya mbali vikizuiwa, waimbaji wa mbali walipita bila shida, maana hakuna kanuni ya Umoja inayomlazimu mwimbaji kuwa raia wa nchi anayoiwakilisha. Olivia Newton-John, aliyekulia Australia, aliimbia Uingereza mwaka 1974, mwaka uleule ABBA waliposhinda. Céline Dion wa Kanada aliipa Uswisi ushindi mwaka 1988. Gina G, Mwaustralia, aliiwakilisha Uingereza mwaka 1996.

Uhusiano wa Australia na shindano hilo ulianzia kwa wahamiaji. Baada ya Vita Kuu ya Pili nchi hiyo ilipokea mamia ya maelfu ya Waitalia, Wagiriki, Wamalta na watu wa Yugoslavia. Televisheni ya SBS ilifunguliwa mwaka 1980 kuwahudumia raia wenye asili na lugha mbalimbali, na mwaka 1983 ikaanza kurusha Eurovision. Kwa miaka mingi ilitumia hata maelezo ya mtangazaji wa BBC. Familia zilikuwa zikisikia lugha ya nyumbani ikiimbwa kwenye televisheni ya ugenini, jambo lenye uzito kwa mtu aliyeondoka kijijini kwake akijua huenda asirudi. Watoto wao, na baadaye majirani wasio na asili hiyo, wakalifanya kuwa jambo lao. Fainali inayoanza Ulaya saa tatu usiku huonekana Sydney saa kumi na moja alfajiri ya Jumapili, na watu huamka kuitazama.

Mwaka 2014 Jessica Mauboy alialikwa kuimba Copenhagen kama mgeni, nje ya mashindano. Mwaka uliofuata, shindano lilipotimiza miaka 60, SBS, ambayo ni mwanachama mshiriki tu wa Umoja, ilialikwa kushindana Vienna kwa mara moja. Guy Sebastian aliingizwa moja kwa moja fainali, akapata alama 196 na nafasi ya tano. Mwaliko ukarudiwa. Mwaka 2016 jijini Stockholm, Dami Im, mzaliwa wa Korea Kusini, aliongoza kwa kura za majaji na kumaliza wa pili kwa alama 511, nyuma ya Jamala wa Ukraine. Kilichokuwa cha mara moja kikageuka desturi. Mwaka 2021, janga la korona lilipozuia safari, Montaigne alishindana kwa video iliyorekodiwa Australia.

Waliopinga mwaliko huo walikuwa na hoja za kusikilizwa. Walisema kituo ambacho si mwanachama kamili kinapewa nafasi ambayo nchi ndogo za Ulaya huikosa kwa kubanwa na ada. Wengine waliuliza fainali ingefanyika wapi kama Australia ingeshinda, kwa kuwa saa za Sydney zingewalazimu Wazungu kupiga kura asubuhi. Swali hilo lilijibiwa mapema: SBS ingeandaa shindano kwa kushirikiana na kituo kimoja cha Ulaya, ndani ya mji wa Ulaya. Hoja ya jina, kwamba Australia haimo Ulaya, ndiyo iliyopata kelele nyingi na ndiyo dhaifu zaidi, kwa sababu Moroko na Israel zilikwisha kuijibu zamani. Kilichoitofautisha Australia ni watazamaji iliowalea kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya kuomba lolote. Moroko iko ng'ambo ya mlango wa bahari wenye upana wa kilomita 14 hivi kutoka Hispania, lakini iliingia bila msingi wa aina hiyo na ikatoka mwaka uleule.

Si kila kituo kinachorusha shindano hugeuka kuwa mshiriki, wala kurusha peke yake hakukiondolei wajibu wa kuonyesha nyimbo zote. Mei 2018 kituo cha Hunan cha China kilionyesha nusu fainali ya kwanza kutoka Lisbon huku kikiuondoa wimbo wa Ireland, uliochezwa na wanaume wawili walioigiza wapenzi, pamoja na ule wa Albania, ambao mwimbaji wake alikuwa na chale mwilini. Umoja ulivunja mkataba tarehe 10 Mei, kabla ya nusu fainali ya pili. Marekani ilichukua njia ya kujitengenezea la kwake: NBC ilianzisha American Song Contest mwaka 2022, lenye majimbo 50, maeneo 5 na jiji la Washington. Lilidumu msimu mmoja. Mtazamaji aliye nje ya nchi shiriki alipata sauti mwaka 2023, wakati kura za dunia nzima zilipoanza kukusanywa mtandaoni na kuhesabiwa kama za nchi moja. Tangu hapo mtu wa Mombasa au Bujumbura anaweza kumpigia mwimbaji kura kwa kulipia, ingawa nchi yake haina njia ya kuwa mwanachama kamili.

Afrika Mashariki imewahi kukaribishwa mahali pengine. Nchi za kambi ya Kisoshalisti zilikuwa na shindano lao, Intervision, lililofanyika Sopot, Poland, kati ya 1977 na 1980. Urusi, iliyoondolewa Eurovision mwaka 2022 baada ya kuivamia Ukraine, ilifufua jina hilo Septemba 2025. Sanaipei Tande aliiwakilisha Kenya, na Ethiopia, Madagaska, Misri na Afrika Kusini zilikuwepo pia. Ushindi ulikwenda Vietnam. Mwaliko huo ulikuwa na lengo la kisiasa lililo wazi, lakini kwa msanii wa Nairobi lilikuwa jukwaa la kimataifa la nyimbo ambalo Umoja haukuwahi kulifungua kwa watu wa kusini mwa Sahara.

Miezi michache ya mwisho wa 2025 ilichanganya hesabu zote za umbali. Novemba, bajeti ya serikali ya Kanada ilitaja nia ya kushirikiana na shirika la utangazaji la nchi hiyo kutafuta njia ya kushiriki Eurovision. Desemba, Umoja ulipoiruhusu Israel kushiriki mwaka 2026 wakati vita vya Gaza vikiendelea kulaumiwa, Hispania, Uholanzi, Ireland, Slovenia na Iceland zilitangaza kujitoa. Uholanzi ni miongoni mwa zile 7 za Lugano. Kwa hiyo katika waliojitoa yumo mmoja wa waasisi. Vituo vya Hispania, Ireland na Slovenia vilisema havitarusha hata matangazo. Australia ilibaki kwenye orodha ya washiriki.