Umma, dola na taifa katika Unyanyembe

Unyanyembe ulikuwa utemi wa Wanyamwezi ambao kitovu chake kilikuwa Tabora, zamani Kaze. Katika karne ya 19 fikra tofauti kuhusu mtu ni wa nani, na nchi ni ya nani, zilikutana hapa katika biashara na vilevile vitani.

Kwa mafunzo ya Kiislamu, waumini ni umma mmoja, na utii hufungamana na mtawala zaidi kuliko na mpaka wa ardhi. Ndiyo maana Waarabu waliofanya makazi Kaze tangu mwanzoni mwa miaka ya 1850 walibaki raia wa Sayyid wa Unguja, wakiwa na liwali wao, ingawa pwani ilikuwa mwendo wa miezi kadhaa. Mtu wa bara aliyesilimu na kusema Kiswahili aliweza kuhesabiwa muungwana, awe ametoka Umanyema au kwingineko. Mlango huo haukuwa wazi kwa wote: misafara ileile ilibeba watumwa.

Mtemi naye alikuwa na hesabu yake. Apitaye katika ardhi yake alitoa hongo, yaani ushuru wa njia, awe Mwislamu au la. Mtemi Mnywa Sele alipotoza kodi bidhaa za Waarabu, walimwondoa mwaka 1860 wakamtawaza Mkasiwa. Hapo faida ya pembe za ndovu ilisema zaidi kuliko dini.

Wazungu walileta kipimo cha tatu: dola ni eneo lenye mipaka iliyochorwa. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1886 ulimwachia Sultani wa Unguja visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, pamoja na miji michache ya kaskazini. Utii wa watu wa Tabora haukuingia katika hesabu hiyo. Mtemi Isike aliwapinga Wajerumani kwa silaha hadi walipoliteka boma lake Januari 1893. Alijilipua kwa baruti.

Neno taifa limetokana na Kiarabu, ambako ṭāʾifa ni kundi tu, hata la dhehebu. Chama cha TANU kililitumia kwa watu wote waliokuwa ndani ya mipaka hiyo ya kikoloni. Mwaka 1958, mwaka uleule wa mkutano wake wa Tabora, chama kilimfukuza Sheikh Suleiman Takadir, mwenyekiti wa baraza lake la wazee, kwa kuchanganya dini na siasa. Abdallah Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, aliingia katika baraza la mawaziri la Tanganyika huru. Utemi wenyewe ulifutwa mwaka 1963.