Dhahabu ya Mchanga wa Lupa: Kazi, Maji na Maneno

Mtu atokaye Ilomba, ambayo leo ni kata mojawapo ya Jiji la Mbeya, akielekea kaskazini, hana budi kuvuka safu ya milima ya Mbeya kabla ya kuteremkia nchi kavu ya Chunya. Huko ndiko uliko mto Lupa, ambao maji yake huelekea bonde la Ziwa Rukwa. Mto huo ndio ulioipa jina nchi yote ya dhahabu ya sehemu hizo. Habari zake zimeandikwa zaidi kwa kufuata leseni za wachimbaji wa Kizungu na hesabu za mauzo. Habari za mikono iliyouosha mchanga hazikupata waandishi wengi. Sehemu yake imebaki katika maneno.

Dhahabu haikuwa jambo geni katika Tanganyika ilipopatikana Lupa mwaka 1922. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuchimba Sekenke, katika nchi ya Iramba, na dhahabu ya huko ndiyo iliyotumiwa Tabora mwaka 1916 kupiga sarafu za rupia 15 wakati wa vita. Lakini Sekenke ilikuwa dhahabu ya mwambani, yenye kuhitaji mashine na mtaji. Ya Lupa ilikuwa kwanza dhahabu ya mashapo: miamba ilimomonyoka kwa muda mrefu, mvua ikaikokota changarawe, na mto ukaiacha dhahabu mahali mkondo ulipopungua nguvu.

Kanuni ya kuitoa ni nyepesi kueleza na nzito kutenda. Dhahabu safi ina uzito wa mara 19.3 wa maji yenye ujazo uleule. Mawe meupe ya kwazi hayafiki mara 3. Kwa hiyo mchanga ukitikiswa ndani ya maji, kwazi huchukuliwa na mkondo, na kilicho kizito zaidi hubaki chini. Haizami dhahabu peke yake. Mchanga mweusi wenye chuma huzama pamoja nayo, na kuutenga ndiko kunakopima ustadi wa mwoshaji. Na Lupa ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa: maji. Vijito vingi hukauka wakati wa kiangazi, hata wachimbaji wengine wakalazimika kuupepeta mchanga mkavu kwa upepo wa mashine za mkono, mfano wa wanawake wapepetao nafaka.

Mbeya ilianzishwa mwaka 1927 katika harakati hizo. Kisha mambo ya mbali yaliongeza mwendo wake. Mwaka 1931 Uingereza iliacha kuifungamanisha fedha yake na dhahabu, na mwaka 1934 Marekani ilipandisha bei kutoka dola 20.67 hadi dola 35 kwa wakia. Wakati bei za mazao zilikuwa zimeanguka, dhahabu ilipanda. Vijana wa Kinyakyusa wa Rungwe, Wasafwa, Wanyiha na watu wa makabila mengine walivuka milima kutafuta fedha ya kodi, nguo na mahari. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya uchunguzi katika Unyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, waliziona athari za safari hizo katika maisha ya vijijini. Wengi walifanya kazi kwa mshahara; faida ya shimo ilikuwa ya mwenye leseni.

Hapana shaka kambi yenye watu wa lugha nyingi ilihitaji lugha moja, nayo ilikuwa Kiswahili. Ni jambo la kuangaliwa kwamba mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilianza kazi ya kusanifisha Kiswahili, na kamusi kubwa ya Frederick Johnson ilitoka mwaka 1939. Katika miaka hiyohiyo, makambi ya Lupa yalikuwa yakikitumia Kiswahili mbali na meza ya kamati.

Maneno ya kazi hii yametoka pande nyingi. Dhahabu, madini, zebaki na wakia yana asili ya Kiarabu. Karai limetoka katika lugha za Kihindi. Machimbo na mwoshaji ni Kibantu. Karasha ni mashine ya Kiingereza iliyovaa nguo ya Kiswahili. Lakini inafaa kuwa na hadhari: asili ya neno si ushahidi wa mwalimu wa kazi. Karai lilikuwa jikoni na kwa waashi. Halithibitishi kwamba Mhindi ndiye aliyefundisha kuosha mchanga. Neno lenye ushahidi mzito zaidi ni mwalo. Kandokando ya Ziwa Victoria ni mahali pa kutia nanga mitumbwi na kuuzia samaki. Kwa wachimbaji wadogo limekuwa mahali pa kuoshea na kuchenjulia dhahabu. Hamisho hilo la maana linaashiria kwamba fundi na neno walisafiri pamoja.

Dhahabu ya mchangani ilipopungua, nguvu ilihamia mwambani, na mgodi wa Saza ulifungwa mwaka 1956. Wachimbaji wadogo hawakuondoka. Chunya imebaki nchi yao, na mwaka 2019 soko la madini lilifunguliwa huko. Pamoja nao imebaki zebaki, ambayo hushikamana na chembe za dhahabu na kisha huchomwa motoni. Mvuke wake humdhuru mchomaji, na masalia yake hushuka mtoni.

Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unataka matumizi hayo yapunguzwe, na pale iwezekanapo yakomeshwe. Hapo ndipo elimu ya istilahi inapogusa uhai wa watu. Onyo lililoandikwa kwa maneno ya ofisini, ambayo mwoshaji wa mwaloni hayatumii, ni onyo lisilotolewa. Mtunga istilahi ambaye hajaenda kusikiliza Chunya huenda akatunga neno zuri. Lakini wale waliokwisha kuyataja mambo hayo kwa karibu karne moja wataendelea kuyaita kwa jina lao, na zebaki itaendelea kuchomwa.