Ribosomu: Kiwanda kilichojengwa kwa mpangilio

Mwanafunzi wa biolojia akiulizwa ribosomu ni nini, atakujibu haraka: kiwanda cha protini. Jibu hilo ni sahihi, ila nina ugomvi nalo kidogo. Ukisikia kiwanda, unawaza jengo lililokwisha kusimama, mashine zinanguruma, bidhaa zinatoka. Nani alilijenga, na alianza wapi? Swali hilo neno lenyewe linalifunika. Ilhali sehemu kubwa ya historia ya chembe hii ni historia ya swali hilo hilo.

Hebu tuanze na jina. Mwaka 1955, George Palade, mzaliwa wa Romania aliyekuwa akifanya kazi New York, alieleza vitone vidogo sana alivyoviona ndani ya seli kwa hadubini ya elektroni. Watafiti waliviita kila mtu alivyopenda. Wengine walisema maikrosomu, jina ambalo kwa wenzao lilimaanisha kitu kingine. Mwaka 1958, katika kongamano la kisayansi nchini Marekani, Richard Roberts alipendekeza ribosomu, na mojawapo ya sababu zake ni kwamba neno hilo lilikuwa na mlio mzuri. Sehemu ya kwanza inatokana na RNA, na ya pili ni soma ya Kigiriki, yaani mwili. Haihusiani na soma yetu, ingawa kusoma ndiyo kazi hasa ya ribosomu: inausoma ujumbe wa RNA herufi tatu tatu, na kila inapozisoma inaunga asidi moja ya amino kwenye mnyororo wa protini.

Sasa, ribosomu yenyewe imeumbwa kwa nini? Kwa RNA na protini. Ya bakteria ina RNA 3 na protini zaidi ya 50. Yetu sisi binadamu ina RNA 4 na protini 80. Vipande vyote hivyo lazima vikae mahali pake, na seli haina msimamizi mwenye ramani mkononi.

Mwaka 1968, Masayasu Nomura na mwenzake Peter Traub, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, walifanya jambo lililowashangaza wengi. Waliichukua sehemu ndogo ya ribosomu ya bakteria, wakaichambua hadi ikabaki RNA na protini 21 mbalimbali, kisha wakavichanganya tena na kuvipasha moto. Vikajipanga vyenyewe, na kikatokea kitu kinachofanya kazi. Kwa kuacha protini hii au ile, kundi la Nomura likachora ramani ya utegemezi. Protini 6 hushika RNA bila kusubiri nyingine. Zilizobaki huja baada ya wenzao kuketi.

Ramani ilieleza nani hutangulia. Haikueleza kwa nini. Ili kujua hilo ilibidi kuyaona maumbo, na hapo ndipo Ada Yonath, mwanasayansi wa Israeli, alipotumia miaka ishirini kukuza fuwele za ribosomu ili zipigwe eksrei. Wengi walidhani anapoteza muda. Alitumia bakteria waliozoea joto kali na viumbe wa Bahari ya Chumvi, kwa sababu ribosomu zao ni ngumu kuharibika. Mwaka 2000 picha zikapatikana: zake, za Thomas Steitz na Peter Moore, na za Venkatraman Ramakrishnan. Yonath, Steitz na Ramakrishnan walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009.

Picha hizo zilionyesha kwamba protini nyingi za ribosomu zina kichwa cha mviringo kilichokaa nje na mkia mrefu uliozama ndani ya RNA. Anayeijua nyumba ya udongo ataelewa upesi. Ukikuta fito katikati ya ukuta uliokandikwa, huhitaji kumuuliza fundi ni kipi kilitangulia. Fito haziwezi kupenyezwa baada ya udongo kukauka. Vivyo hivyo, mkia uliozama namna ile unaonyesha kwamba RNA na protini zilikunjana pamoja, hatua kwa hatua. Tena, pale kati ambapo asidi za amino huungwa, hapakuonekana protini ya kufanya kazi hiyo. Ni RNA inayoifanya. Kumbe kiwanda cha protini hakiendeshwi na protini!

Ndani ya seli mambo ni magumu kuliko kwenye chupa ya Nomura. Hamira, ambayo seli zake zinafanana na zetu kwa mengi, hutumia visaidizi zaidi ya 200 ambavyo huondoka kazi ikiisha, kama jukwaa la mafundi. Kimojawapo, Mrt4, kinafanana kwa sura na protini ya ribosomu iitwayo P0, na hukaa mahali pake mpaka mwenyewe afike. Ni kama mtu aliyekuwekea nafasi kwenye foleni. Kufanana huko ndiko kulikofichua kazi yake.

Ndiyo maana kwa hatua hizi napendelea kitenzi kuunda, si kukusanya. Vitu vilivyokusanywa vinaweza kuwa rundo tu. Anayeunda jahazi anajua ubao upi hauwezi kutangulia mwingine.

Tofauti hii si ya kamusi tu. Kuna ugonjwa wa damu uitwao anemia ya Diamond-Blackfan, ambao huwapata zaidi watoto wachanga. Uboho wao hushindwa kutengeneza chembe nyekundu za kutosha. Mwaka 1999 iligunduliwa kwamba baadhi yao wana kasoro kwenye jeni ya protini moja ya ribosomu, RPS19. Baadaye zikapatikana jeni nyingine, nyingi zikiwa za protini za ribosomu vilevile. RPS19 ikipungua, uundaji wa sehemu ndogo ya ribosomu hukwama njiani. Mzazi wa mtoto kama huyo akiambiwa kwamba viwanda vya mwanawe vimeharibika, atakuwa ameelezwa nusu tu. Vingi havijamalizika kujengwa.