Moto wa Pori, Msitu na Mkulima: Somo la Historia kutoka Ufipa

Kila mwaka, mvua zinapokwisha, moshi hutanda juu ya nyanda za Ufipa, toka bonde la Ziwa Rukwa hadi mteremko wa Ziwa Tanganyika. Kata ya Kate, Wilaya ya Nkasi, imo katika nyanda hizo. Siku hizi moshi huo umepata shitaka jipya, kwamba unaongeza gesi zinazoipasha dunia joto. Shitaka hilo lina ukweli. Lakini mwana-Chama hapokei shitaka kabla ya kuuliza: anashitakiwa nani, kwa kosa gani, na historia inasema nini?

Kwanza tuelewe jambo lenyewe. Moto unapochoma majani na miti hutoa hewa ya ukaa, pamoja na gesi nyingine kama methani, ambayo kilo yake moja, kwa kipimo cha miaka 100, hupasha joto zaidi ya mara 25 kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa. Nyasi zikiungua mwaka huu, mvua za mwaka ujao huziotesha tena, nazo huivuta ile hewa ya ukaa kutoka angani. Ndiyo maana hesabu za kimataifa za moto wa nyika huhesabu methani na kuiacha hewa ya ukaa. Msitu ni jambo jingine. Mninga uliokua kwa miongo mingi hauoti tena kwa masika moja. Kwa hiyo kosa kubwa hulitenda moto unaogeuza msitu kuwa nyika.

Tukilishika hilo, historia ya Ufipa inasomeka vizuri. Wafipa hawakuwa watu wa kuchoma ovyo. Jirani zao Wabemba, katika nchi ambayo leo ni Zambia, walilima chitemene: walikata matawi, wakayarundika, wakayachoma na kupanda ulezi katika majivu. Mfipa alilima ntumba. Mvua zikikaribia kwisha alifukia nyasi mbichi ndani ya tuta, zikaoza na kuwa mbolea, na msimu uliofuata akasambaza udongo huo na kupanda. Majani ambayo wengine waliyageuza moshi, yeye aliyageuza rutuba. Hata hivyo tusiipambe historia. Moto wa kuwinda na wa malisho ulikuwako, na wahunzi wa Ufipa, waliofua chuma katika matanuru marefu kuliko mtu, walikata miti mingi kwa ajili ya makaa. Lakini kazi hizo zilikuwa na wakati wake na wazee wake wa kuzisimamia.

Ukoloni uliuvuruga utaratibu huo. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe na wanyama pori wengi Tanganyika. Mahali pengi vichaka vikasonga mbele, na mbung'o wakavifuata. Kisha Mjerumani akatoa sheria ya kuhifadhi misitu mwaka 1904, na Mwingereza akatoa yake mwaka 1921. Msitu ukawa mali ya Serikali ya kigeni, na mwananchi akawa mwizi katika ardhi ya babu zake. Majembe ya viwanda vya Ulaya nayo yaliua ufundi wa chuma. Mtu aliyenyang'anywa msitu hana sababu ya kuulinda. Akichoma, huchoma kwa siri, na moto wa siri hauna msimamizi.

Majaribio yaliyoanza mwaka 1933 Ndola, katika miombo kama yetu, yalionyesha maana ya jambo hilo. Eneo lililochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi lilipoteza miti, likabaki nyasi. Lililochomwa mapema, majani yakiwa bado na unyevu, miti yake iliishi. Lililokingwa kabisa lilisonga na kuwa msitu mnene. Basi tarehe ya kiberiti ina uzito kama kiberiti chenyewe.

Uhuru haukuondoa tatizo lote. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwaleta watu karibu na shule, maji na zahanati, lakini pia mahali pengi iliongeza uzito wa shoka na jembe juu ya misitu ya jirani. Tathmini ya misitu ya taifa iliyotolewa mwaka 2015 ilionyesha hekta milioni 48.1 za misitu, na upotevu wa karibu hekta 373,000 kwa mwaka kati ya 1995 na 2010.

Hapa tujihadhari na takwimu zinazofurahisha. Setilaiti zimeonyesha kwamba kati ya 1998 na 2015 eneo linaloungua duniani kila mwaka lilipungua kwa karibu robo, hasa kwa sababu nyika ziligeuzwa mashamba. Asiyefikiri atashangilia. Lakini msitu uliokwisha kufyekwa hauungui tena kwa sababu haupo, na ukaa wake umekwisha kwenda angani.

Wala tusikubali kubebeshwa deni la wengine. Gesi nyingi zilizorundikana angani zimetoka katika makaa ya mawe na mafuta ya nchi za viwanda. Mkulima wa Kate hakuendesha viwanda hivyo. Lakini ukame ukija, shamba litakalokauka ni lake, na msitu wa Mbizi ukiteketea, maji yatakayopungua ni ya Sumbawanga. Kudai haki kwa mabeberu na kulinda msitu wetu ni mapambano mamoja.

Kazi yetu basi iko wazi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeupa msitu wa kijiji nafasi ya kumilikiwa na kijiji. Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio upange tarehe za kuchoma mapema, njia za kuzuia moto na zamu za ulinzi. Mwongozo wa 1971 ulifundisha kwamba watu washiriki kufikiri, kupanga na kutekeleza maendeleo yao. Amri peke yake ilikwisha kujaribiwa na mkoloni, na msitu ukaendelea kuungua.