Estou bem, obrigado

Nauza samaki wakavu Mtwara, na nikivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji huulizwa "Como está?" (hujambo?) kabla bei haijatajwa. Nami hujibu: "Estou bem, obrigado. E a senhora?" yaani sijambo, asante, na wewe mama? Mwanamke husema obrigada. Usiporudisha swali, wanakuona huna adabu. Hilo silishangai, kwetu pia salamu ni deni.

Ila Kireno hicho cha adabu kiliwahi kuwa mtihani. Tangu 1917, Mwafrika wa Msumbiji aliyetaka kutambuliwa na wakoloni Wareno kuwa assimilado, yaani aliyestaarabika kwa macho yao, ilimbidi athibitishe, pamoja na mengine, kwamba anakisema Kireno sawasawa. Waliobaki nje, yaani karibu wote, waliitwa indígenas (wenyeji), na kazi za shuruti ziliwaangukia wao. Mfumo huo ulifutwa 1961. Mwaka uliofuata FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ikaundwa Dar es Salaam, na wapigania uhuru wakakichukua Kireno kilekile kiwaunganishe Wamakonde, Wamakua na Wachangana. Wakoloni sidhani walilitarajia hilo!

Uhuru ulipofika 1975, senhor (bwana) akasukumwa kando na camarada (ndugu). Sokoni siku hizi senhor amerudi, hasa kwa wazee. Vijana huniuliza "Tudo bem?" (mambo yote sawa?) tu, nami huwajibu: "Tudo."